Apu ya Foleni

Mjomba alinipigia saa tisa usiku. Hakuwa na dharura. Alikuwa kwenye foleni Changamwe, usiku wa pili, akataka mtu wa kupiga naye soga asije akasinzia. "Ukilala dakika kumi, mpwa, wenzako wamekupita. Ukiamka uko mkiani."

Trela lake lilibeba kontena tupu. Hilo ndilo lililoniuma. Mzigo ulishafika Kampala, ukapakuliwa, pengine ukauzwa. Kilichobaki ni sanduku la chuma linalorudishwa kwa wenye meli, na mtu wa miaka 52 anakesha kwenye usukani ili alirudishe. Akichelewa kupita siku alizopewa, faini inahesabiwa kila siku.

Mi wakati huo nilikuwa na miezi minne tangu niache chuo. Sikufukuzwa. Karo ilikatika mwaka wa pili, nikarudi kwetu Frere Town na laptopu kuukuu na aibu ya kutosha, nikawa naandika makala za kulipwa kwa idadi ya maneno. Kwa hiyo Mjomba aliposema foleni, mi nilisikia nafasi. Chuo kilikuwa kimenifundisha jambo moja vizuri sana: kila shida ya watu ni apu ambayo bado haijaandikwa.

Nilichora wiki nzima. Dereva anaandika namba ya lori na ya kontena, anapewa zamu, analala zake. Yakibaki malori kumi mbele yake, simu inalia. Nilipowaonyesha madereva wanne, mmoja akanitolea kabambe yake iliyofungwa kwa mpira. "Hiyo yako itaingia humu?" Nikatupa michoro, nikaanza upya kwa ujumbe mfupi wa kawaida.

Kisha nikaenda kukaa foleni yenyewe siku tatu, jambo ambalo ningepaswa kulifanya mwanzo. Kuna mama anayepika chai na mahamri saa kumi alfajiri, na anajua kila dereva anadaiwa ngapi. Kuna vijana wa kusogeza malori: dereva analala, kijana anapewa mia, anasukuma trela hatua kwa hatua, leseni hana. Na getini kuna mtu mwenye karatasi na kalamu. Kumbe apu ilikuwepo tayari. Ilikuwa karatasi, na ilikuwa na njia yake ya kuruka foleni: noti iliyokunjwa vizuri.

Nilijaribu yangu na madereva 23. Saa mbili za kwanza mambo yalikwenda. Wanaume wazima walilala, miguu ikining'inia madirishani, na mi nikajiona mtu. Halafu lori moja likatoka nyuma kabisa likaingia getini. Likafuata la pili. Mwenye karatasi hakuwa na haja na orodha yangu, na hakuna aliyemlazimisha awe nayo. Walioamka kwa kelele wakawasha injini, kila mtu akasukumana kuwahi nafasi.

Mjomba hakuamka. Alikuwa ameiamini simu, na simu haikulia, manake kwa hesabu yangu bado alikuwa na malori kumi na nne mbele. Geti likafungwa akiwa nje. Ilikuwa siku yake ya mwisho bila faini. Tajiri wake aliikata ile pesa kwenye malipo ya safari.

Hakunigombeza. Alisema tu, "Si kosa lako, mpwa. Umekuja na saa mahali ambapo hakuna anayehesabu saa."

Sentensi hiyo ilinikaa. Nikaanza kusoma nilivyopaswa kusoma mwanzo. California walipitisha sheria mwaka 2002 ya kutoza faini vituo vya bandari vinavyoacha malori yakisubiri zaidi ya nusu saa huku injini zikiunguruma. Vituo vya Los Angeles na Long Beach vikaleta mfumo wa miadi. Watafiti walipochunguza baadaye, hawakuona ushahidi kwamba miadi ilipunguza foleni getini. Na sisi wenyewe, mwaka 2020, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilileta mfumo wa simu ili majibu ya korona ya dereva yasomwe kila mpaka. Mwaka huo huo foleni ya Malaba ilirudi nyuma makumi ya kilomita. Simu zilikuwepo.

Dereva analipwa kwa safari. Akisubiri saa mbili au siku mbili, tajiri anatoa kile kile, depo haitoi kitu, mwenye meli ndiye anayepokea faini. Foleni inadumu kwa sababu anayeilipia ni yule asiyeweza kuifupisha.

Nikienda mjini napandia matatu Kengeleni, pale penye mnara wa kengele. Frere Town ilianzishwa mwaka 1875 na wamisheni, makao ya watu waliokombolewa utumwani, na kengele ile ilipigwa kuwaonya kwamba wateka watumwa wanakaribia. Nimepita pale tangu utotoni bila kuitazama. Siku hizi naitazama. Kengele haimwokoi mtu kwa mlio wake. Inafaa pale tu ambapo ikilia, kuna watu wanaojua ni lazima wafanye kitu. Yangu ililia kwa madereva peke yao.

Apu ya zamu nimeiacha. Niliyobaki nayo ni ndogo, hata jina haina. Dereva anatuma neno akifika, anatuma tena akitoka. Mwisho wa mwezi napiga jumla. Mjomba alimpelekea tajiri wake karatasi: saa 97 za kusubiri ndani ya mwezi mmoja. Tajiri aliisoma mara mbili, akauliza nani ameiandika, kisha akarudisha nusu ya pesa aliyokata. Nusu tu. Geti bado ni lile lile, na mwenye kalamu bado yupo.

Juzi simu imelia tena usiku. "Mpwa, umelala?"

"Sijalala."

"Basi andika. Nimefika saa nane na dakika kumi."

Nikaandika.