Wino Ukimwagika Ngozini

Leo nataka kuwasimulia jambo lililotokea nyumbani kwangu hapa Mashewa. Sisimulii kwa kujisifu, maana sina la kujisifia. Nalikosa mimi mwenyewe, na huenda wazazi wengine wakakosa vile vile.

Mpwa wangu, mtoto wa marehemu dada yangu, alifika kwangu jioni moja kwa basi la kutoka Korogwe. Nalimlea tangu mama yake alipofariki, na siku hizi anafanya kazi ya kubeba mizigo mjini Tanga. Akaniamkia, "Shikamoo, Mjomba." Nikaitikia, "Marahaba." Lakini naliona kwamba amevaa shati la mikono mirefu, naye amefunga vifungo vyote, ingawa joto lilikuwa kali. Tulipoletewa maji ya kunawa hakuweza kuficha tena. Kwenye kifundo cha mkono wa kulia, upande wa ndani, palikuwa na herufi nne za wino mweusi: MAMA.

Herufi hizo hazikukaa vizuri. Kando ya kila mstari wino ulikuwa umetambaa, ukafanya kivuli cha buluu, na vitundu vya herufi A vilikuwa vimezibika kabisa. Hiyo ilikuwa siku ya tatu tangu achorwe.

Sikuuliza kwa nini. Nalimkemea mbele ya watoto wadogo, nikasema, "Umejiharibu mwili, na mama yako umemfanya doa. Nenda ukaoshe uchafu huo!" Kijana akanyamaza, akala matonge mawili tu. Usiku akaenda nyuma ya jiko, akachukua chumvi ya mawe na gunzi la mahindi, akasugua mpaka ngozi ikachubuka. Asubuhi mke wangu aliona damu kwenye shuka. Hapo nalifahamu kwamba kijana alikuwa amenitii.

Tukaenda naye zahanati. Mganga hakumkemea. Alisafisha jeraha, akauliza habari za chanjo ya pepopunda, kisha akauliza juu ya sindano: ilikuwa mpya? Ilitolewa katika pakiti mbele ya macho yake? Maana sindano iliyokwisha kutumika kwa mtu mwingine huweza kuleta UKIMWI na magonjwa ya ini, yaani homa ya ini ya B na ya C. Mtu akichomwa kwa sindano asiyoiamini, asikae nyumbani kungoja. Dawa ya kuzuia UKIMWI yapasa kuanzwa mapema iwezekanavyo, wala zisipite saa 72. Kijana akajibu kwamba sindano aliiona ikifunguliwa, hata hivyo akapimwa.

Kisha mganga akatueleza kwa nini wino ulitawanyika. Nitaeleza kama nilivyoelewa.

Ngozi yetu ina tabaka. Ya juu kabisa ni nyembamba kama karatasi, nayo hupukutika na kuota upya kila mara. Wino ukikaa hapo hauna maisha. Chini yake ipo ngozi ya ndani, iliyo imara, na hapo ndipo wino wapaswa kukaa, kiasi cha milimita 1 au 2 tu kutoka juu. Chini ya hiyo yapo mafuta. Chukua kalamu ya wino uandike juu ya karatasi nzuri, utapata mstari. Andika juu ya pamba yenye maji, utapata doa. Ngozi ya ndani ni ile karatasi, na mafuta ni ile pamba. Fundi akikandamiza sindano ikapita mpaka kwenye mafuta, wino hutambaa kando, na kivuli huonekana baada ya siku chache. Tena ngozi ya kifundo cha mkono kwa ndani ni nyembamba, kadhalika ya kifundo cha mguu na ya juu ya wayo. Hapo kosa dogo huwa kubwa.

Nalimwuliza mganga, "Mbona basi hautoki kwa kusuguliwa?" Akanijibu kwamba mwili wetu una askari wake. Wino ukiingia, wao huuona kuwa mgeni, huumeza, nao hubaki nao pale pale. Mwaka 2018 wataalamu wa Ufaransa waliochunguza panya walionyesha kwamba askari hao wakifa huuachia wino, na askari wapya huumeza tena mahali pale pale. Ndiyo sababu alama hudumu. Chumvi na gunzi hazifiki huko. Zinaloweza kufanya ni kuchubua ngozi ya juu na kuleta kovu.

Tulipokuwa tukirudi nyumbani nalimkumbuka bibi mmoja wa Kimakonde niliyemjua utotoni, aliyekuja na mumewe kwa kazi ya mashamba ya katani huku Korogwe, kama walivyokuja wengi kutoka kusini na kutoka Msumbiji. Usoni alikuwa na nembo za kabila lake, mistari iliyokunjika kama mawimbi, ya rangi ya buluu iliyoiva. Alikuwa mzee, lakini kila mstari ulionekana peke yake. Kwa Wamakonde kazi hiyo ilikuwa na mafundi wake. Walichanja kwa kijisu kiitwacho chipopo, wakapaka masizi ya mbarika, wala hawakumaliza kwa siku moja. Ngozi iliachwa ipone, ndipo fundi arudie. Bibi yule alituambia sisi watoto kwamba fundi wake alikuwa na mkono mwepesi. Wakati huo tulicheka. Leo naona kwamba alitutajia siri yote ya kazi: mkono mwepesi na subira.

Mpwa wangu hakupata mkono wa namna hiyo. Alichorwa na kijana mwenzake, chumbani, kwa kimashine kilichoundwa kwa mota ya redio, kwa muda wa robo saa. Fundi mwema huivuta ngozi mpaka ikazike, haichomi kwa kulaza sindano, wala harudii mstari ule ule mara nyingi siku moja. Tena hukataa kuchora herufi ndogo zilizobanana, kwa kuwa anajua kwamba hata wino uliokaa vyema hunenepa kidogo kadiri miaka inavyopita. Basi, mtu akishikilia kuchorwa, na aombe kwanza kuona kazi za fundi zilizokwisha kupona tangu mwaka mmoja au miwili, si zile za jana.

Na wino ukiisha kumwagika, tufanyeje? Waswahili husema, maji yakimwagika hayazoleki. Lakini kwanza tuhakikishe kwamba kweli yamemwagika. Siku za kwanza kila mchoro huvimba, na maji yenye wino huvuja juu, hata mistari ikaonekana minene. Hayo hupungua yenyewe katika juma moja au mawili. Kivuli kinachobaki baada ya uvimbe kwisha, hicho ndicho wino uliotambaa. Usaha, joto kali, homa, au mistari myekundu inayopanda mkono ni jambo jingine: hapo ni kwenda kwa mganga siku hiyo hiyo.

Kwa muda huo osha kwa maji safi na sabuni isiyo kali, kausha kwa kugusa tu, paka mafuta ya mgando kidogo sana, usikune, usiende kuogelea mtoni, wala usiuache mkono juani. Usitie utomvu wa papai, wala mafuta ya ganda la korosho, wala maji ya betri, wala piko ili kufunika. Vitu hivi huchoma ngozi, na baadhi yetu wenye ngozi nyeusi hupata makovu yanayovimba yasiyorudi chini.

Subiri majuma sita, au zaidi. Kisha zipo njia tatu. Ya kwanza ni fundi hodari kutia kivuli kwa makusudi kuzunguka herufi, au kuchora ua juu yake, ili lile doa liwe sehemu ya mchoro. Ya pili ni mganga wa ngozi kuuvunjavunja wino kwa mwanga wa leza. Kazi hiyo ina gharama, hurudiwa mara kadhaa kwa kuachana majuma mengi, na kwa ngozi nyeusi huweza kuacha mabaka, kwa hiyo si ya mtu asiyeifahamu vema. Ya tatu ni kuiacha alama kama ilivyo.

Najua wengine wataniuliza habari ya Mambo ya Walawi 19:28, juu ya kuchanja chale kwa ajili ya wafu na kuandika alama miilini. Mimi si mwalimu wa dini. Najua tu kwamba Wakristo wa Kikopti wa Misri huchorwa msalaba kwenye kifundo cha mkono, na wanawake wengi Wakristo wa Ethiopia wamekuwa na msalaba wa namna hiyo kwenye paji la uso. Mwenye mashaka na amwendee Padre wake.

Majuma sita yalipokwisha, mpwa wangu alirudi. Jeraha lilikuwa limepona, na kovu lilibaki dogo, upande mmoja tu, pale gunzi lilipopita sana. Tukaketi chini ya mwembe, nami nikamwuliza lile swali ambalo ningalimwuliza usiku ule wa kwanza: "Kwa nini uliliandika hapo?"

Akajibu, "Mjomba, nikipandisha gunia begani, mkono huu huja karibu na uso wangu. Nalitaka nimwone."

Nikakaa kimya kwa muda. Kisha nikamwomba radhi, mbele ya watoto wale wale walionisikia nikimkemea. Maana na mimi nalikandamiza kupita kiasi, na neno langu likaenda kina ambacho sikukikusudia. Lile kovu si la yule kijana wa mashine. Ni langu.

Amechagua kuliacha neno lake lilivyo. Vitundu vya A vimezibika, na kivuli bado kipo, lakini lasomeka. Nanyi wazazi wenzangu, mtoto akija na alama mwilini, iwe nzuri au mbaya, mwulizeni kwanza, mpelekeni kwa mganga, na maneno makali yangojee. Wino umekwisha kuingia. Tusiongeze jeraha juu yake.