Mzee Hapati Usingizi

Ufamasia wa wodini, hapa London nilikoufanya hadi nikastaafu, ni kazi ya udadisi. Unakula nini? Unameza nini kingine? Nani mwingine amekuandikia dawa? Sikuwadadisi wagonjwa wowote kama waliotumia dawa za kuzuia monoamini oksidasi, kimeng'enya kinachovunja dopamini, serotonini na jamaa zao.

Kundi hili la dawa lilizaliwa kwa bahati. Iproniazidi ilikuwa dawa ya kifua kikuu. Mwaka 1952, katika hospitali ya Sea View, New York, wagonjwa waliipokea wakachangamka kuliko mapafu yao yalivyostahili. Miaka michache baadaye ikawa inatibu sonona. Kisha yakaja ya jibini, kisa nilichowasimulia wanafunzi wangu kila mwaka, kwa majivuno ya kitaaluma nikiri, maana aliyeyagundua hakuwa profesa. Mfamasia wa Nottingham alimwandikia daktari kijana wa hospitali ya Maudsley, Barry Blackwell, kwamba mkewe, aliyekuwa akitumia dawa hizo, akila jibini kichwa humpasuka. Wapo waliocheka. Lakini tiramini ya jibini lililokomaa, isipovunjwa utumbini, huingia kwenye damu na kupandisha shinikizo ghafla, hata mshipa wa ubongo kupasuka.

Selejilini ya József Knoll wa Hungaria ilitupunguzia hofu hiyo. Kwa miligramu 10 kwa siku huzuia zaidi aina B ya kimeng'enya, na Walter Birkmayer wa Vienna aliiambatanisha na levodopa kwa wagonjwa wa Parkinson. Jibini likarudi mezani. Pethidini, dawa ya maumivu, haikurudi: mgonjwa wa selejilini akivunjika nyonga, ndiyo sindano ya kwanza niliyoikatalia. Na kwa kuwa Parkinson na sonona huandamana sana, mara nyingi nilikuta fluoksetini, dawa ya sonona, kwenye kadi hiyohiyo. Hizo mbili hazichanganywi, na fluoksetini hukaa mwilini muda mrefu. Ukiiacha, unangoja wiki tano kabla ya kuanza kizuizi.

Mzee mmoja wa Unguja alinilalamikia kwamba halali. Nikamuuliza selejilini anaimeza saa ngapi.

"Baada ya Isha, mwanangu, zote kwa pamoja, nisije nikasahau."

Nikamweleza kwamba mwili huigeuza sehemu yake kuwa amfetamini, kwa hiyo huliwa asubuhi na adhuhuri.

"Kumbe!" akacheka. "Na mimi najisifu kwa watu kuwa nasali tahajudi!"