Kisa cha Firigisi

Nina mteja mmoja mzee, hukata tiketi za umra kwangu kila mwaka, na kila Desemba huniuliza swali lilelile: "Mwaka huu wewe mwenyewe ulikwenda wapi ukafurahi?" Huliuliza kwa shaka kidogo, kama anayemuuliza mpishi iwapo naye hula.

Mwaka huu majibu mazuri nilikuwa nayo. Nilikwenda Lamu kwenye Maulidi, nikasimama nje ya Msikiti wa Riyadha kusikiliza matari mpaka miguu ikafa ganzi. Nilikwenda Maskati, na katika soko la Mutrah muuza ubani akanijibu kwa Kiswahili cha Unguja, safi kuliko changu mimi wa Mombasa. Agosti nilipeleka kundi la walimu Maasai Mara. Nyumbu wakasimama ukingoni mwa mto siku mbili, wakatutazama, wakageuka wakaenda zao. Safari hizo zote zina picha, na picha ndiyo inayouza. Lakini mdomo ulipofunguka nilijikuta namsimulia mzee habari za Khwisero, kaunti ya Kakamega, ambako sikupiga picha hata moja ya maana, nilikasirika karibu siku nzima, na nilikokwenda kwa sababu ya choo.

Mteja wangu mwingine anaishi Birmingham. Mama yake alizaliwa Khwisero, akaolewa mbali, akafia mbali. Sasa binti alitaka kuwaleta wanawe watatu wakalale kwa dada mdogo wa marehemu usiku mbili, waone kwao. Alichotaka nihakikishe mapema ni choo. Watoto hawajawahi kuona cha shimo, na wa mwisho ana miaka sita. Nikamwambia nitakwenda kukagua mwenyewe. Hiyo ni kazi yangu, na ninalipwa kwayo.

Kwa mawakala wenzangu Kakamega ni msitu, basi. Anayejitahidi ataongeza jiwe linalolia la Ilesi na fahali wanaopigana kule Shinyalu, kisha gari linarudi Kisumu. Khwisero haimo kwenye orodha ya mtu. Hakuna mnyama wa kupiga picha. Kuna mashamba ya mahindi yaliyogawanywa hata yakawa kama vitambaa vya leso, migomba, mikalitusi, na reli ya zamani ya kwenda Butere inayopita Namasoli. Nilipotazama ramani nikacheka peke yangu ofisini. Wadi zake zote nne ni Kisa: Kisa Kaskazini, Kisa Mashariki, Kisa Magharibi na Kisa Kati. Wenyeji ni Abashisa, Waluhya, na neno hilo kwao halihusiani na hadithi yoyote. Lakini mtu wa pwani akisoma hivyo atadhani ni ngano iliyokatwa mafungu manne.

Kutoka Kisumu niliondoka alfajiri. Kituo cha mwisho cha matatu nilipatana na kijana wa boda, shilingi 1,500, anipeleke, anisubiri, anirudishe. Hakupita miaka 22. Akaniita madam. Fomu yangu ya ukaguzi ilikuwa mkobani: choo, maji, godoro, chandarua, mtandao, hospitali iliyo karibu. Dakika 45 zingetosha. Saa nane nilitaka niwe nimerudi Kisumu, kwa kuwa saa tisa nilikuwa na kikao cha simu na watu wa hoteli moja ya Diani.

Tulifika saa nne. Bibi alikuwa akianika maharagwe kwenye turubai. Nikamwamkia shikamoo kwa adabu zote nilizofundishwa, shikamoo yangu ikabaki hewani bila marahaba. "Mulembe," akasema, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, hakuuachilia upesi. Kila mtu pale humwita Kukhu, nyanya, nami nikamwita hivyo.

Choo kilinichukua dakika tatu. Kilikuwa safi kuliko cha hoteli moja ya nyota nne ninayoiuza, nayo sitaitaja. Sakafu ya saruji, jivu kwenye debe, kifuniko chenye mpini. Kukhu alinitazama nikiandika, akacheka. "Hata wewe unatafuta choo? Kuna wazungu hapa walikuja kujenga vyoo." Alikuwa akiwasema wanafunzi wa uhandisi wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Montana, Marekani, ambao tangu miaka ya 2000 wamekuwa wakija Khwisero kuchimba visima na kujenga vyoo katika shule za msingi. "Hao nao walikula kuku," akaongeza, na kwa mara ya kwanza nikasikia nyuma ya nyumba miguu ya watoto ikikimbia na kelele za jogoo anayejua kinachomngoja.

Nikamwambia asijisumbue, nina haraka, nimekwisha kula Kisumu. Nilisema uongo huo wa mwisho kwa sauti tamu kabisa.

"Hapa kwetu mgeni hawezi toka bila kukula," akasema Kukhu. "Keti, mukhana wanje. Kuku bado iko mbio."

Nikaketi. Huo ndio msiba wa kazi yangu: ninauza ukarimu wa watu wengine, ila wangu mwenyewe ninaupima kwa saa ya mkononi. Jogoo alishikwa saa tano kasoro robo, chini ya ghala la mahindi. Maji yalichemka, manyoya yakanyonyolewa, mwili ukababuliwa juu ya moto wa kuni, na harufu hiyo ikakaa kwenye mtandio wangu wiki nzima. Saa sita bado alikuwa chunguni. Saa saba nikampigia mtu wa Diani nikamwambia mtandao ni mbaya, na mtandao ulikuwa mzuri. Kijana wa boda alilala juu ya pikipiki yake chini ya mwembe, kofia usoni, kama mtu aliyewahi kuambiwa keti katika boma hili na akaelewa mara ya kwanza.

Katika kungoja tukazungumza bei. Kukhu alitaka kujua nitawatoza kiasi gani hao wajukuu wa dada yake. Nikamtajia. Hakushtuka. "Na mimi?" Nikamwambia kuna fungu lake, kwa kila usiku. Akafikiri, akipepeta maharagwe. "Kuku nitakuuzia," akasema. "Kitanda hapana. Hao ni watoto wa hapa. Ukiandika kwa karatasi yako kwamba nimelipwa kitanda, hao wakikuwa watu wazima watanisoma aje?" Nikakata mstari wa malazi. Ni mara yangu ya kwanza kushushiwa bei na mwenye nyumba.

Saa nane na nusu chakula kikaja. Ugali ulikuwa mlima, unafuka. Kuku alikuwa katika bakuli kubwa la udongo, mchuzi mwepesi wenye vitunguu na chumvi tu. Kijana akaamshwa, akanawishwa mikono baada yangu, akaketi kwenye kochi lililo mkabala. Ndipo Kukhu akaingia na kibakuli kidogo kilichofunikwa kwa kisahani. Akapita mbele yangu. Akakiweka mbele ya kijana wa boda, akafunua. Firigisi.

Wenyewe huiita imondo. Ilikuwa pale, nzima, inang'aa kwa mafuta. Kijana akanitazama mimi, akamtazama Kukhu, akaitazama imondo.

"Kula, baba," Kukhu akamwambia.

Sijui hasira ilitoka wapi. Mimi ndiye mgeni. Mimi ndiye niliyetoka Mombasa, treni, basi na matatu. Kijana yule nilimlipa mimi, mafuta ya pikipiki nilitia mimi, na njaa ya saa nne na nusu ilikuwa yangu zaidi, maana yeye alilala. Nikajizuia mpaka tonge la tatu, kisha nikauliza, nikicheka ili ionekane ni mzaha: "Kukhu, mbona imondo kapewa kijana?"

"Ndiye mwanaume hapa."

"Lakini mimi ndiye ninayemlipa."

"Hiyo ni ya barabara," akasema bila kuinua macho. "Hapa ni boma."

Kijana alijaribu kuokoa jahazi. Akamega imondo nusu kwa vidole, akaninyoshea kipande. Kukhu akatoa sauti fupi ya ulimi, ile ya kumfukuza mbuzi kwenye mboga. Mkono wa kijana ukarudi. Akala zote mbili upesi, bila kuonja, kama anayemeza dawa, na mimi nikafurahi kwamba hakufaidi.

Hapo ndipo, huku nikiminya ugali kwa nguvu kuliko ulivyohitaji, nilipomkumbuka marehemu baba yangu. Kwetu Majengo firigisi ilikuwa ya baba, na haikuhitaji kuulizwa. Ilikaa katika kibakuli chake cha bluu, ikafunikwa, ikamngoja hata akichelewa msikitini. Siku moja kaka yangu aliiiba akala. Aliyekwenda kumchongea kwa mama ni mimi, nikiwa na miaka minane, na alipochapwa nilisimama mlangoni nikiona haki inatendeka.

Mvua ikaanza saa tisa, mvua ya Kakamega, ambayo hunyesha mchana kana kwamba imeajiriwa. Barabara ikawa tope. Kijana akatoka kufunika pikipiki kwa gunia, akabaki barazani na watoto waliokuwa wakigombea miguu na kichwa. Tukabaki wawili ndani, bati likipiga kelele juu yetu, na Kukhu akasogeza kiti chake.

Alipoolewa, akaniambia, mwanamke wa hapa hakula kuku. Wala mayai. Ulimkamata, ukamchinjisha, ukampika, ukaonja chumvi kwa kunusa, ukapeleka. Wewe ulirudi jikoni kwa mboga zako, murere au tsisaka. Hakuna aliyeeleza kwa nini. Ukiuliza uliambiwa utakuwa mwizi, au mtoto atazaliwa bila nywele. Kisha mwaka mmoja kulikuwa na mkutano wa akina mama wa kanisa, wa siku tatu, wakapikiwa kuku, na mke wa mhubiri akaanza kula mbele ya wote. "Nikaangalia kama ataanguka," Kukhu akasema. "Hakuanguka. Nikachukua paja."

"Na mzee wako alisemaje?"

"Mzee hakujua." Akapangusa mdomo kwa ncha ya leso. "Alikufa bado anaambia watu bibi yake hajawahi onja kuku. Alikuwa anajivunia. Ningemharibia furaha ya nini?"

Miaka mingapi? Akahesabu kwa wajukuu waliozaliwa katikati. Ikafika 11.

Tukacheka sana, hata watoto wakachungulia. Nikadhani sasa tumeelewana, tuko upande mmoja, nikamuuliza nikiwa na hakika ya jibu: "Na imondo, Kukhu? Siku hizi uko peke yako, kuku wako, kisu chako. Unaila?"

Uso wake ukabadilika kidogo tu. "Hiyo sijawahi."

"Kwa nini?"

"Nikichinja, naitia kwa sahani napelekea kijana wa jirani." Akanyamaza, akasikiliza mvua. "Iko na miaka tisa, huyo kijana. Anaijua hata kuliko mimi. Akisikia kuku inalia hapa, anakuja kusimama kwa mlango."

Sikuwa na la kusema. Nilitaka nikasirike tena, sasa kwa niaba yake, lakini hakuwa ameniomba. Alikuwa tayari anazungumza mengine, kwamba watoto wa Birmingham waletwe Aprili mvua zikianza, waone tsiswa, kumbikumbi, wakitoka ardhini, na kwamba wasiletewe maji ya chupa, wataaibisha kisima.

Tuliondoka karibu saa kumi na mbili. Diani ilishapotea. Nilipopanda pikipiki Kukhu akanipakatia jogoo mzima, hai, miguu imefungwa kwa kamba ya mgomba. Nikakataa mara tatu kama inavyopasa, mara ya nne nikamkumbatia. Njiani kijana alikaa kimya mpaka tulipofika lami, kisha akasema bila kugeuka, "Pole kwa ile ya imondo, madam." Nikamwambia hapana neno. Tulipoagana nilimpa shilingi 1,500 zake na si zaidi, na hilo bado linanisuta.

Basi la usiku la kwenda Nairobi lilimpokea jogoo bila swali. Linalotoka magharibi bila kuku ndilo la kushangaza. Alilala katika katoni yenye matundu chini ya miguu yangu, akawika Nakuru, na abiria nusu wakaamka wakidhani wamefika nyumbani.

Dada yangu anaishi South C. Jioni ya kesho yake alimchinjisha jogoo, akampika kwa nazi, kwetu hatujui kuku wa maji matupu. Tuliketi mkekani watano: yeye, mumewe, wanawe wawili na mimi. Nikamwona dada akichota wali, akipekua bakuli kwa kijiko kama anayetafuta sindano, akaipata firigisi, akaitia kwenye sahani ya shemeji huku akimkemea mtoto anawe mikono. Hata hakuangalia anachofanya.

Nikanyosha mkono, nikaichukua.

Dada akaacha kukemea. Shemeji akanitazama, akaitazama sahani yake, akasogeza wali ukaziba pale ilipokuwa. Nikaitafuna mbele yao, taratibu. Ilikuwa ngumu, na mchanga haukuwa umetoka wote.