Mvua Yatoka Mlimani

Sisi tukaao Uvira tumewekwa kati ya ziwa na milima: mashariki Tanganyika, magharibi milima mirefu. Mgeni akitaka kujua kama mvua itanyesha, hutazama juu ya kichwa chake. Mwenyeji hutazama mlima. Jambo hilo tulijifunza kwa hasara ya shuka mbili na beseni moja, nasi twamshukuru Mungu kwamba hasara haikuzidi hapo.

Ilikuwa Jumamosi moja ya mwezi wa tatu. Tulishuka mtoni Kalimabenge kufua nguo. Jua lilikuwa kali, mawe yalichoma miguu, na maji hayakufika magotini. Ghafula mzee jirani yetu, mvuvi wa zamani, akaita kutoka ukingoni: "Wanangu, tokeni majini!" Tukamwuliza, "Babu, mvua iko wapi?" Hakujibu. Akaelekeza kidevu upande wa mlima. Kule juu wingu jeusi lilikuwa limefunika vilele vyote. Tukatoka, si kwa kusadiki, bali kwa adabu tu, na watoto wakanung'unika. Hata robo saa haijapita, tukasikia mngurumo kama wa lori lililojaa mawe. Maji yakaja, mekundu kama udongo wa matofali, yakivingirisha mawe na gogo la mti. Mahali tulipokuwa tumesimama hapakuonekana tena. Na huku juu yetu jua lilizidi kuwaka.

Tangu siku ile tulitaka kujua sababu. Basi, tuieleze kama tulivyoielewa.

Mchana jua hupasha moto miteremko ya milima. Hewa ya pale huwa nyepesi, ikapanda. Na hewa ya ziwani, iliyojaa mvuke, huja kushika nafasi yake. Ndio upepo ule utuburudishao alasiri. Ziwa liko mita 770 hivi juu ya bahari, na milima iliyo nyuma yetu hupita mita 3,000. Hewa ipandayo hutanuka, na hewa itanukayo hupoa. Fungua upepo wa gurudumu la baiskeli, uweke kidole pale: utasikia baridi. Kwa kila mita 100 za kupanda, hewa hupoa karibu digrii moja, mpaka mvuke wake ugeuke matone madogo sana, kama yale yaonekanayo chini ya kifuniko cha sufuria. Matone hayo ndiyo wingu. Ni mepesi mno, hayawezi kuanguka upesi. Yapata milioni moja lazima yaungane ndipo lipatikane tone moja la mvua. Wingu likizidi kukua, kichwa chake chaweza kupita kilomita 12, kikawa barafu na kutanuka kama fuawe ya mhunzi. Hapo ndipo radi na mvua ya nguvu.

Kumbe, wingu la namna hiyo laweza kumwaga maji yake yote mlimani, na mjini lisidondoshe hata tone. Tufanye hesabu kidogo. Mvua ya milimita 1 ni lita 1 katika kila mita ya mraba. Zikinyesha milimita 50 juu ya kilomita moja ya mraba, ni lita milioni 50. Huko juu mteremko ni mkali, mabonde ni membamba, na mahali pengi miti imekatwa. Maji hayo yatakwenda wapi, kama si kwetu?

Usiku mambo hugeuka. Milima hupoa upesi, lakini ziwa hushika joto lake. Hewa baridi hushuka kutoka milimani, ikainua hewa ya vuguvugu iliyo juu ya maji, na mawingu huzaliwa huko. Ndiyo sababu mvuvi wa ndagala aliyeondoka jioni chini ya nyota aweza kukutwa na dhoruba kabla ya mapambazuko.

Hatuyaandiki haya kwa kupenda elimu tu. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020, mvua kubwa ilijaza mito yetu, na Mulongwe ukafurika. Makumi ya watu walikufa, maelfu ya nyumba zikabomoka, na sehemu kubwa ya mji ikakosa maji safi ya bomba. Wengi walikuwa wamejenga karibu kabisa na mto. Hatuwalaumu: maskini hajengi apendapo, hujenga apatapo. Lakini mto hausahau njia yake.

Katika Injili ya Luka, sura ya 12, Bwana wetu awakumbusha watu kwamba wakiona wingu linatokea magharibi, hujua mara moja kuwa mvua yaja. Kwao magharibi palikuwa na bahari; kwetu pana mlima. Lakini macho ni yale yale. Basi, kabla ya kumtuma mtoto mtoni, tazama magharibi. Maji yakibadilika rangi, au yakileta majani na matawi, toka upesi, wala usirudie beseni. Mto ukijaa, ngoja. Usijaribu kuvuka kwa miguu. Na ukiwa unakaa chini, karibu na mto, usiku ukaona umeme haukomi juu ya mlima, usilale usingizi mzito kwa sababu tu bati lako ni kavu.

Mzee yule amekwisha kufariki. Sasa ni sisi tuitao kutoka ukingoni, na watoto wa wenzetu hutuuliza mvua iko wapi. Nasi twaelekeza kidevu kama yeye. Wakiisha kutoka majini, twawaeleza.