Produza Mkali wa Bongo Awasha Windows XP Kuitafuta Sauti ya Mshkaji Wake Marehemu

Kuna produza mmoja hapa Dar, jina linahifadhiwa, ambaye mkono wake umepita kwenye ngoma kibao unazozijua kwa kichwa. Studio yake ina kiyoyozi, kochi la ngozi na Mac kubwa mezani. Lakini mwezi uliopita, kila aliyeingia ghafla alimkuta amekodolea macho kilima cha kijani chenye anga ya bluu. Ndiyo, ile ile ya Windows XP.

“Bro, umefungua intaneti kafe?” dogo mmoja wa studio akamchana. Jamaa hakucheka.

Mambo yalianza na simu ya mama mmoja wa Tandika. Huyo ni mama mzazi wa mshkaji wake wa kitambo, aliyefariki kwa ajali mwaka 2009, kabla jina halijakua. Baada ya shikamoo na marahaba, mama akauliza kitu kimoja tu: “Mwanangu, ule wimbo aliokuwa akiuimba wakati anafua, mliurekodi?”

Waliurekodi. Ila tatizo lilikuwa kuufikia.

Enzi hizo washkaji wawili hao walikuwa na geto moja na CPU moja ya mtumba kutoka Kariakoo. Kabati la nguo ndiyo lilikuwa chumba cha kurekodia, limezibwa kwa godoro. Programu yao ilikuwa Cool Edit Pro, ambayo Adobe waliinunua mwaka 2003 na kuigeuza jina kuwa Audition. CPU ilishakufa. Jamaa alichomoa hadi diski, akaiviringisha kwenye soksi, na soksi hiyo imehama naye nyumba nne.

Fundi wa simu akamuuzia kifaa cha kuichomeka kwa USB. Diski ikalia krr krr, halafu ikafunguka. Mafaili yapo! Lakini furaha ikaishia hapo. Alikuta vipande vya sauti zaidi ya mia, vyote vina majina ya namba namba. Kwenye Cool Edit, faili la kazi lenyewe halibebi sauti. Linabeba ramani tu: kipande hiki kianzie hapa, kile kikae pale, hiki kipunguzwe sauti. Bila ramani una gunia la matofali, nyumba huna. Na ramani ile Mac haiijui kabisa.

Ndipo akakumbuka VirtualBox. Kwa wasioijua, hii ni programu ya bure inayotengeneza kompyuta ndani ya kompyuta. Unaigawia RAM kidogo na nafasi kidogo kwenye diski, kisha unaiwekea Windows yoyote ya zamani, nayo inajiona iko peke yake duniani. Bahati yake Mac ile ni ya Intel, maana hizi mpya za M1 kuja juu zina chip ya aina nyingine na ingekuwa kazi nyingine. CD ya XP alikuwa nayo, na stika ya namba ya leseni bado ilikuwa ubavuni mwa ile CPU mbovu.

Akaipa MB 512 tu, ikakimbia kama mpya. Intaneti akaikata kabisa, kwa sababu Microsoft waliacha kuitengenezea XP marekebisho ya usalama tarehe 8 Aprili 2014. Kuiachia mtandaoni ni kulala mlango wazi Manzese. Halafu akapiga “snapshot”, yaani picha ya mashine nzima, ili akiharibu kitu arudi pale pale alipoanzia.

Mara ya kwanza kazi iligoma. Cool Edit ilikuwa inazitafuta sauti kwenye diski D, folda ile ile ya mwaka 2007, wakati mashine mpya haina D. Akaitengenezea D, akanakili folda kwa majina yale yale bila kukosea hata herufi. Akafungua tena. Mistari ikajipanga yenyewe kwenye skrini, mmoja baada ya mwingine. Akabonyeza pleya.

Sauti ilikuwa inakwaruza, kawaida ya kompyuta ndani ya kompyuta. Lakini alikuwa ni yeye. Feni inasikika kwa nyuma. Jirani anaita mtoto. Halafu mshkaji anaimba wimbo wa kufulia, anacheka katikati, anaanza upya.

Ingeishia hapo ingekuwa stori tamu. Haikuishia hapo.

Wimbo ulipoisha, mshale wa kurekodi haukuwa umezimwa. Mshkaji akaendelea kuguna melodi nyingine, taratibu, kama anajisemesha. Jamaa akaganda. Melodi ile Bongo nzima inaijua. Ni kiitikio cha ngoma ya 2010 iliyomtoa, iliyomnunulia gari la kwanza. Kwenye intavyuu zote amekuwa akisema ilimjia akiwa kwenye daladala la Mbagala. Mwisho wa kipande, marehemu anasikika akisema: “Hii usimpe mtu, tutaiweka kwetu.”

Alikuwa anadanganya miaka yote? Watu wake wa karibu wanasema hata yeye hana jibu. Anaapa kwamba daladala analikumbuka, siti analikumbuka, hata konda anamkumbuka.

Na ushahidi? Hakuna. Betri ndogo ya ile CPU ilikuwa imekufa, saa ikawa inarudi nyuma kila ikizimwa, kwa hiyo faili linaonyesha Januari 2002. Angerudisha ile snapshot, akaivunja ile diski, kesi imekwisha. Meneja wake alimwambia hivyo hivyo, bila kupepesa: “Marehemu hadai.”

XP inakupa siku 30 kabla ya kudai uithibitishe. Jamaa alizitumia nyingi akisikiliza kipande kimoja.

Siku ya 26 alikwenda Tandika na laptop. Akamsikilizisha mama wimbo wa kufulia, kisha akaiacha iendelee. Akaeleza yote, kichwa chini. Mama alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, “Mimi nilikuomba wimbo wa kufulia, na umeniletea. Hayo mengine kaa na baba yake mdogo, muandike.”

Wameandika. Nusu ya kitakachoingia kutokana na ngoma ile kinakwenda kwa mama, na jina la marehemu limewekwa kwenye utunzi. Meneja hapokei simu mpaka leo. Kuna msanii mkubwa alitaka kuingiza vesi kwenye wimbo wa kufulia wauachie kama kolabo, akakataliwa.

Wimbo wenyewe haukupakwa chochote. Feni imo, jirani yumo, kicheko kimo. Mama anatumia kitochi, kwa hiyo jamaa aliuweka kwenye flash na kumnunulia kiredio cha kuichomeka. Majirani wanasema Jumamosi asubuhi, beseni likishatoka uani, kiredio nacho kinatoka.

Swali kwenu wadau: ungekuwa wewe, peke yako na lile faili usiku, ungelipeleka Tandika?