Ndege ya kujitengenezea na boti zetu za Minova

Hapa sokoni Minova kuna kijana, mhami kutoka Masisi, anayechaji simu kwa sola. Juu ya meza yake ametundika ndege ndogo aliyoikata kutoka kopo la mafuta ya msaada. Ndege hiyo inalalia kushoto kila siku. Siku moja akaniuliza: "Kaka mwandishi, ndege ya kweli ikilala hivi, rubani anafanya nini?" Sikutaka kumjibu kwa kukisia. Nikaenda kutafuta, na nilichokipata ninakileta kwenu wasikilizaji, kwa sababu kinatuhusu kuliko mnavyofikiri.

Kwanza, wako watu wanaojijengea ndege. Huko Nyeri, Kenya, Gabriel Nderitu alijaribu kwake nyumbani kwa injini ya gari. Mwaka 2019 vijana wa Afrika Kusini waliunga vipande vya ndege ya viti vinne aina ya Sling, wakairusha kutoka Cape Town hadi Cairo, Zanzibar ikiwa moja ya vituo vyao. Si uchawi. Ni mabati mepesi, ribiti nyingi sana na uvumilivu.

Sasa, ndege nyingi za namna hii zinabeba petroli ndani ya mabawa. Lita moja ya petroli ina uzito wa karibu gramu 700. Rubani akitumia lita 40 za bawa la kulia bila kugusa la kushoto, kushoto kunabaki kuzito kwa kilo 28 hivi. Kama tena amekaa peke yake kiti cha kushoto, ndege inataka kulala upande huo. Ataizuia kwa kusukuma fimbo ya usukani kulia. Fimbo hiyo inavuta eleroni, yale mapanga madogo nyuma ya mabawa: moja likipanda, jingine linashuka, na ndege inanyooka. Lakini mkono wa mtu unachoka. Mwenye kubeba bido ya maji kwa mkono mmoja kutoka kisimani hahitaji maelezo zaidi.

Dawa yake inaitwa trimu. Fundi anafunga springi mbili kwenye mguu wa fimbo, chini ya sakafu, moja kila upande. Katikati anaweka motari ndogo sana ya umeme. Rubani akibonyeza swichi, motari inavuta springi moja na kulegeza nyingine, fimbo inaegemea yenyewe kidogo, mkono unapumzika. Motari hiyo inakula umeme mdogo kuliko taa ya pikipiki.

Kijana wa sola alipenda zaidi habari ya nyaya. Nyaya mbili za motari zikigeuzwa, ukibonyeza kulia fimbo inakwenda kushoto. Kwa hiyo kabla ya kuruka, fundi anakaa chini ndani ya ndege, anabonyeza na kutazama kwa macho yake. Na swichi ikikwama je? Motari itaenda hadi mwisho wake. Ndiyo maana springi zinachaguliwa laini, ili mkono wa rubani uzishinde, na fyuzi au swichi ya kukata umeme inawekwa mahali anapofikia upesi. Nimependa akili ya watu hao: wanapofunga kifaa cha kuwasaidia, wanauliza kwanza kitawaumiza namna gani siku kikiharibika.

Mama mmoja anayeuza sambaza alikuwa anasikiliza pembeni. Akasema, "Mwanangu, si ni kama boti tu?"

Ni kama boti, kabisa. Tangu barabara ya Sake ilipokatwa na vita Februari 2024, watu na magunia ya Minova vyote vikahamia ziwani. Tarehe 3 Oktoba 2024 boti Merdi ilitoka hapa kwetu, ikazama mbele ya Kituku, watu wa Goma wakiitazama. Gavana wa Kivu Kusini alitaja watu 278 ndani yake, na angalau 78 waliokufa. Mashahidi walisema ilijaa kupita kiasi. Katika video zilizozunguka kwenye simu, tuliiona ikilala upande kabla ya kupinduka. Wengine wetu hatujaweza kuitazama mara ya pili.

Boti zetu hazina springi wala swichi. Trimu yake ni wapakizi: boti ikilala kushoto, wanahamisha magunia kulia. Nikiwa mmoja wa abiria nimewaona wakifanya hivyo, boti ikasimama sawa, watu wakashukuru Mungu. Lakini hapo ndipo ninaposhindwa kushukuru. Trimu haiondoi uzito wowote, inapumzisha mkono tu. Rubani asipobadilisha tangi, tofauti inazidi kukua nyuma ya springi. Na boti iliyojaa kupita kiasi, hata ukiinyoosha vizuri, imekaa chini sana majini, na kulala kidogo tu kunatosha maji kuingia.

Halafu abiria wenyewe. Watu 50 wa kilo 60 ni tani tatu. Bandari ikionekana, wote wanasimama na kukimbilia upande mmoja ili washuke kwanza. Ndege inasumbuliwa na kilo 28!

Katika safari ile hapakuwa na jile hata moja. Nilipouliza, niliambiwa nikitaka kukaa Minova nikae. Ombi langu kwa wasafiri: ulizeni jile kabla ya kulipa, na msisimame mpaka kamba ifungwe. Yule mama wa sambaza hangoji jile ya mtu. Anapanda na bido yake tupu ya lita 20, mfuniko umekazwa, kamba imezungushwa kiunoni. Wapakizi wanamcheka, yeye anakaa katikati ya boti, bido kwenye magoti.