Kutoka namba 7 kwenda namba 2

Wadau, mpira wetu una dharau moja: mfungaji anaimbwa, beki anakumbukwa siku timu ikifungwa. Ndiyo maana kocha wa timu ya chuo alipomtoa mdogo wangu namba 7 na kumrudisha namba 2, kwetu Pangani ikawa kama msiba. Washkaji wa Bweni, waliokuwa wakivuka kwa pantoni kuja kumwona wakati wa likizo, wakasema dogo kaisha. Mama akauliza kama kamkosea kocha adabu.

Mimi nabisha. Antonio Valencia alitoka Wigan kwenda Manchester United mwaka 2009 akiwa winga. Akaishia beki wa kulia, na mwaka 2018 akapewa unahodha. Winga aliyerudi nyuma anajua adui atakatia wapi, maana njia hiyo kaipita mwenyewe. Na mbio zake hazipotei. Akipanda, krosi ni ileile.

Ila kuzikosa sifa ndiyo kazi. Dogo ana miaka 20, kazoea kushangiliwa. Juzi kanitumia meseji: "Shikamoo kaka. Winga wao katolewa mapumziko." Basi, hakuongeza neno.

Kwangu mimi hilo ni bao. Nyie mnalionaje?